Kununua Kompyuta Zilizotumika kwa Ajili ya Shule: Mwongozo kwa Kamati, Bodi na Wazazi wa Mgeta

Kompyuta si chombo cha anasa tena katika shule. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeyapa uzito mkubwa zaidi matumizi ya teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania hupatikana pia katika maktaba mtandao yake. Mwanafunzi anayemaliza shule bila kugusa kibodi huingia chuoni au kazini akiwa nyuma ya wenzake, ingawa akili yake haina upungufu wowote.

Katika tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero, fedha za kununulia kompyuta huwa chache. Shule hutegemea ruzuku ya uendeshaji kutoka Serikalini, msaada wa wahisani, na michango ya hiari ya wazazi. Wengi wa wazazi hao huishi kwa kabichi, karoti, njegere, maharage na viazi mviringo vinavyoteremshwa kutoka Nyandira, Langali na vijiji jirani kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Mchango wa mzazi wa namna hiyo ni jasho la msimu mzima. Kwa sababu hiyo shule nyingi huelekeza macho kwenye kompyuta zilizokwisha kutumika, ambazo bei yake ni nafuu kuliko mpya.

Uamuzi huo ni wa busara. Kompyuta iliyotumika ikichaguliwa vizuri huweza kuihudumia shule kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, Mgeta iko mlimani, na maduka mengi na mafundi wengi wako Morogoro mjini. Hitilafu ambayo mnunuzi wa mjini huimaliza kwa kurudi dukani alasiri hiyohiyo, huko Mgeta humaanisha nauli, kupoteza siku, na pengine muhula mzima wa mashine kukaa kabatini. Kwa hiyo ushauri mkuu wa makala haya ni huu: kazi ya kuilinda fedha ya shule hufanyika chini, dukani, kabla ya malipo. Mashine ikishapanda mlima, nafasi ya kurekebisha makosa huwa ndogo na ghali.

Iliyotumika na iliyokarabatiwa

Wauzaji hutumia maneno haya mawili kana kwamba yana maana moja. Hayana.

Kompyuta iliyotumika ni ile iliyotoka mikononi mwa mtu au ofisi nyingine na kuuzwa kama ilivyo. Huenda ni nzima, huenda ina kasoro iliyojificha. Kompyuta iliyokarabatiwa ni ile iliyofunguliwa na fundi, ikasafishwa, ikapimwa, ikabadilishwa sehemu zilizochakaa, ikafutwa taarifa za mmiliki wa zamani na kuwekewa programu upya. Kazi hiyo ina gharama, na ni haki bei yake iwe juu kidogo.

Muuzaji akisema kwamba mashine zake zimekarabatiwa, aulizwe maswali matatu: Nani alizikarabati? Nini kilibadilishwa? Dhamana yake ni ya muda gani? Asiyeweza kujibu anauza kompyuta iliyotumika tu, na bei ilingane na ukweli huo.

Vivyo hivyo, herufi A, B na C zinazobandikwa kwenye mashine kuonyesha daraja lake zisimridhishe mnunuzi. Mara nyingi madaraja hayo huhusu sura ya nje, yaani mikwaruzo na mng'ao wa skrini, na kila muuzaji huyapanga kwa kipimo chake. Mashine yenye mkwaruzo mgongoni na diski nzima ni bora kwa shule kuliko inayong'aa ikiwa na diski inayokufa.

Bei ya kununua na bei ya kutumia

Kosa linaloziumiza shule nyingi ni kugawa fedha zilizopo kwa bei ndogo kabisa ili kupata idadi kubwa ya kompyuta. Idadi hupendeza siku ya kuzikabidhi. Mwaka wa pili hesabu hubadilika.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye bei za kuonyeshea hesabu tu. Shule ina Sh5,000,000. Muuzaji wa kwanza ana kompyuta za Sh300,000 kila moja, za zamani sana na zisizo na dhamana. Shule inanunua 15 kwa Sh4,500,000. Mwaka wa kwanza zinafanya kazi 10, mwaka wa pili 5, kisha zinakwisha. Shule imepata jumla ya miaka 15 ya kazi ya kompyuta, na kila mwaka wa kompyuta moja umegharimu Sh300,000.

Muuzaji wa pili ana kompyuta zilizokarabatiwa kwa Sh430,000 kila moja. Shule inanunua 9 kwa Sh3,870,000, na inatenga Sh750,000 kwa ajili ya vipuri na matengenezo. Katika miaka minne zinafanya kazi 9, 9, 8 na 7, yaani miaka 33 ya kazi. Gharama yote ni Sh4,620,000, na kila mwaka wa kompyuta moja umegharimu Sh140,000. Fedha iliyobaki, Sh380,000, inatosha kuchangia usafiri na nyaya.

Rahisi imekuwa ghali kwa zaidi ya mara mbili. Wanafunzi wawili au watatu wakipeana zamu kwenye mashine inayofanya kazi hujifunza zaidi kuliko mmoja aliyeketi mbele ya mashine isiyowaka. Kwa hiyo kabla ya kuomba bei, kamati iandike bajeti yenye mafungu manne: mashine zenyewe, usafiri, umeme na ulinzi wake, na vipuri. Bajeti yenye fungu la kwanza pekee haijakamilika.

Umri wa mashine na mfumo endeshi

Kompyuta huzeeka kwa namna mbili. Vyuma vyake huchakaa, na programu zinazoiendesha huachwa na watengenezaji. Uzee wa pili hauonekani kwa macho, nao ndio unaozisukuma sokoni mashine nyingi za bei ya kutupa.

Kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye mfumo huo bado huwaka na kufanya kazi, lakini haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Windows 11, mfumo unaofuata, hukubali rasmi mashine za kiasi fulani tu: kwa prosesa za Intel Core, ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017.

Mnunuzi anaweza kutambua kizazi hicho bila kuwa fundi. Asome namba inayofuata alama ya i3, i5 au i7. Prosesa iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha sita, kwa sababu namba inaanza na 6. Iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha nane, na i5-10210U ni ya kizazi cha kumi. Maneno "hii ni i5" peke yake hayana maana kubwa, kwa kuwa zipo i5 za zaidi ya miaka kumi iliyopita. Muuzaji ataje namba yote, na namba hiyo iandikwe kwenye ankara.

Je, mashine ya kizazi cha sita haifai kabisa? Inaweza kufaa, kwa sharti kwamba bei yake ni ya chini kweli na shule imeamua mapema kutumia mfumo endeshi wa bure kama vile Ubuntu au Linux Mint. Mifumo hiyo haina ada ya leseni, hupata masahihisho ya usalama, na huendana na LibreOffice, programu ya bure ya kuandika, kukokotoa na kuandaa mawasilisho. Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure katika lugha ya Kiswahili. Linalotakiwa ni mwalimu aliye tayari kuutumia mfumo huo, basi asikilizwe kabla ya uamuzi kufanyika.

Upande wa uwezo, shule itafute RAM ya GB 8. GB 4 hutosha kwa kazi nyepesi na mfumo endeshi mwepesi, lakini huchosha haraka. Diski iwe ya aina ya SSD. Haina sehemu zinazozunguka, hivyo huvumilia mitikisiko ya njiani, na huifanya hata mashine ya zamani iwake upesi. Mara nyingi kumwomba muuzaji abadilishe diski ya zamani kwa SSD ni matumizi bora ya fedha kuliko kununua prosesa ya kizazi kipya zaidi.

Kompyuta za Chromebook nazo hupatikana kwa bei ndogo. Kila aina yake ina tarehe ya mwisho ya kupokea masahihisho kutoka Google, na tarehe hiyo husomeka kwenye mipangilio ya mashine. Ikiwa imepita au imekaribia, unafuu wa bei ni wa muda mfupi. Isitoshe, Chromebook hutegemea intaneti kwa kazi nyingi.

Ya mezani au mpakato?

Kompyuta ya mezani hufunguliwa kwa urahisi, vipuri vyake ni rahisi kupata, na haibebeki kirahisi na mwizi. Kompyuta mpakato hutumia umeme kidogo, na ikiwa betri yake ni nzima, umeme unapokatika katikati ya kipindi somo haliharibiki.

Hesabu ya umeme isisahaulike. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na skrini yake huweza kuvuta wati 100 au zaidi. Mpakato huvuta kati ya wati 30 na 60. Chumba chenye kompyuta 10 za mezani kinaweza kuhitaji wati 1,000 kwa wakati mmoja, kikiwa na mpakato 10 kikahitaji takribani wati 400. Tofauti hiyo huonekana kwenye LUKU kila mwezi, na kwa shule inayotegemea umeme wa jua huamua kama mradi unawezekana au la. Zipo pia kompyuta ndogo za mezani, zenye ukubwa wa kitabu kinene, zinazotumia umeme mdogo na kutengenezeka kwa urahisi.

Lolote litakalochaguliwa, shule inunue aina moja ya mashine, ya mtengenezaji mmoja na namba moja ya modeli. Mashine zinazofanana hubadilishana chaja, RAM, kibodi na betri. Ikifa moja, huwa ghala la vipuri vya nyingine. Mashine kumi za aina kumi ni matatizo kumi yasiyosaidiana.

Kupima kabla ya kulipa

Shule ipeleke mtu anayejua. Afisa TEHAMA wa Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero ndiye wa kwanza kuombwa ushauri. Wapo pia mafundi na walimu wa fani hii mjini Morogoro na Mzumbe, ambako kuna vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe pamoja na chuo cha VETA cha Kihonda. Malipo ya fundi kwa siku moja ni madogo kuliko hasara ya kompyuta moja mbovu.

Kila mashine ipimwe. Kupima moja na kuzikubali nyingine kwa kuziangalia tu hakutoshi. Mambo ya kupima ni haya:

1. Iwashwe kutoka kuzimwa kabisa, na iachwe ikifanya kazi kwa muda wa saa moja. Mashine yenye hitilafu ya joto hujizima au hupunguza kasi ikishapata moto.

2. Zisomwe namba za prosesa, RAM na diski ndani ya mashine yenyewe, si kwenye kibandiko. Zilinganishwe na ankara.

3. Ipimwe afya ya diski. Zipo programu za bure, kama CrystalDiskInfo, zinazoonyesha hali yake na saa ilizofanya kazi. Onyo lolote la diski ni sababu ya kuikataa au kudai diski nyingine.

4. Ipimwe betri ya mpakato. Windows hutoa ripoti ya betri inayolinganisha uwezo iliozaliwa nao na uwezo uliobaki. Ikiwa imebaki chini ya nusu, mashine ihesabiwe kama isiyo na betri. Betri iliyovimba ikataliwe papo hapo, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.

5. Kila kitufe cha kibodi kibonyezwe, kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi, sauti isikilizwe, na Wi-Fi iunganishwe. Skrini iangaliwe ikiwa nyeupe tupu na ikiwa nyeusi tupu ili madoa na mistari ionekane.

6. Itazamwe kama Windows ina leseni halali. Katika mipangilio kuna sehemu inayoonyesha hivyo. Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi huweza kuja na virusi.

7. Mashine izimwe na kuwashwa tena ili ionekane kama inadai nenosiri la mmiliki wa zamani au la BIOS. Kompyuta nyingi zilizotumika hutoka maofisini, na nyingine hubaki zimefungwa na ofisi hizo. Kufuli hilo likiachwa, linaweza kuifanya mashine isitumike baadaye.

Chaja nazo zipimwe moja moja. Chaja isiyo halisi huweza kuharibu mashine nzima.

Makubaliano yaandikwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ankara itaje jina la mashine, namba ya modeli, prosesa, RAM, aina na ukubwa wa diski, na namba ya utambulisho ya kila mashine iliyobandikwa chini au nyuma yake. Namba hizo ndizo zitakazoingia katika leja ya vifaa vya shule. Ndizo pia zitakazothibitisha kwamba mashine iliyoletwa ni ileile iliyopimwa, na kwamba haikuibiwa kwa mtu mwingine. Muuzaji asiyeweza kueleza mashine zake zimetoka wapi aachwe, hata bei yake iwe tamu kiasi gani.

Dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita, iandikwe nayo. Maneno "ikisumbua ulete" si dhamana. Dhamana ya kweli hutaja muda, sehemu zinazohusika, nani analipa usafiri wa kurudisha mashine, na muuzaji atafanya nini: kutengeneza, kubadilisha au kurudisha fedha, na ndani ya siku ngapi. Kwa shule ya Mgeta, kifungu cha usafiri kina uzito sawa na kifungu cha muda. Dhamana ya miezi sita inayomtaka mwalimu ashuke mlima kwa gharama ya shule kila mara ni pungufu kuliko inavyoonekana.

Ikiwezekana, sehemu ya malipo ibaki hadi mashine zifike shuleni, ziwashwe na kukubaliwa kwa maandishi. Muuzaji anayeiamini kazi yake huafiki.

Risiti idaiwe siku hiyohiyo. Muuzaji anayepaswa kutumia mashine ya EFD atoe risiti ya EFD yenye jina la shule na kiasi halisi kilicholipwa.

Shule za umma zikumbuke kwamba fedha ya umma ina utaratibu wake. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, ununuzi wa taasisi za umma hufanyika kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Ushauri wa makala haya hautangui utaratibu huo, bali huimarisha maelezo ya mahitaji yanayoingizwa humo. Ombi lililoandikwa "kompyuta 10" hufungua mlango kwa mashine yoyote. Linalotaja kizazi cha prosesa, RAM, aina ya diski, hali ya betri na masharti ya dhamana huufunga mlango huo kwa mashine mbovu. Michango ya wazazi nayo ifuate taratibu zilizowekwa na Serikali, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wazazi wenyewe.

Zawadi nayo ina gharama

Baadhi ya shule hupata kompyuta bila kununua. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukitoa kompyuta kwa shule za umma. Yapo pia mashirika yasiyo ya kibiashara. Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002, na Camara Education, iliyoanzishwa Ireland mwaka 2005 na kufanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Tanzania, zilijenga kazi yao juu ya kompyuta zilizokarabatiwa. Kazi yao haiishii kwenye mashine. Huambatana na mafunzo kwa walimu. Shule inayonunua yenyewe ijifunze jambo hilo, kwani mashine bila mwalimu aliyefunzwa hufunikwa kitambaa.

Kwa upande mwingine, si kila msaada ni msaada. Skrini nzito za zamani zenye bomba la kioo, au kompyuta zisizoweza kuendesha programu yoyote ya leo, huiachia shule mzigo wa kuzihifadhi na kuzitupa. Mhisani aulizwe kwa heshima maswali yaleyale anayoulizwa muuzaji. Kukataa kwa adabu ni halali.

Safari na chumba

Kutoka njia panda ya Sangasanga kupanda Langali na Nyandira, barabara ina kona na mitikisiko. Mashine zipakiwe katika maboksi yenye magodoro au mablanketi, zisilundikwe chini ya magunia, na zifunikwe dhidi ya mvua. Zikifika, zipumzike zizoee hali ya hewa kabla ya kuwashwa, kisha kila moja ipimwe tena kabla hati ya kupokelea haijasainiwa.

Hewa ya Uluguru ina ukungu na unyevu. Chumba cha kompyuta kiwe na paa lisilovuja, madirisha yanayofungika na meza. Mashine zisikae sakafuni. Ziwashwe mara kwa mara hata wakati wa likizo, kwa kuwa joto la mashine husaidia kufukuza unyevu. Kabla ya mvua za radi, plagi zichomolewe ukutani. Stabilaiza nzuri, hasa kwa kompyuta za mezani, huzilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Ukosefu wa intaneti ya uhakika usiwe sababu ya kuahirisha. Programu za bure kama Kolibri na Kiwix huiwezesha shule kupakua masomo na Wikipedia ya Kiswahili mara moja mjini, kisha kuyatumia shuleni bila intaneti.

Mashine inapofika mwisho wake

Kompyuta ya shule ya umma ni mali ya umma. Haiuzwi, haigawiwi wala haitupwi bila utaratibu. Kabla haijaondoka, taarifa za wanafunzi na walimu zifutwe kabisa, kama inavyopasa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isichomwe moto wala kufukiwa bondeni: ndani yake mna risasi na kemikali nyingine zinazoweza kufika kwenye mito inayonywesha bustani za mboga. Kanuni za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinasimamia taka za aina hii, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo la kuulizwa kuhusu wakusanyaji wenye kibali. Muuzaji anayekubali kuzipokea mashine zilizokufa apewe alama ya ziada wakati wa kulinganisha bei.

Haki ya mnunuzi

Kununua kitu kilichotumika hakumwondolei mnunuzi haki zake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kuuza mashine ya kizazi cha nne kwa jina la kizazi cha nane, au iliyotumika kwa jina la mpya, ni upotoshaji. Maandishi ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayahalalishi udanganyifu.

Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mnunuzi naye awe macho. Aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Aliyekaa nayo muda mrefu bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa huweza kuhesabiwa kuwa ameikubali. Kwa hiyo hitilafu ikionekana, shule isisubiri kufunga muhula. Imwandikie muuzaji mara moja, ikitaja namba ya mashine, tarehe ya kununua, kasoro na inachodai, na ibaki na nakala. Asipojibu au akikataa bila sababu, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani pamoja na risiti, ankara, dhamana na barua hiyo. Ikiwa kuna dalili kwamba mashine ni ya wizi, itolewe taarifa polisi.

Kabla fedha haijatoka mkononi, basi, kamati iulizane mambo matano. Je, tunajua kizazi cha prosesa na mfumo endeshi utakaotumika? Je, kila mashine imepimwa na mtu anayejua? Je, dhamana imeandikwa, pamoja na gharama za usafiri? Je, limebaki fungu la vipuri na umeme? Je, yupo mwalimu atakayezitumia kuanzia wiki ya kwanza? Jibu likiwa "hapana" kwa lolote kati ya hayo, ununuzi uahirishwe hadi lipatikane jibu jingine. Mzazi aliyetoa fedha ya kabichi zake anastahili subira hiyo.